Namna ya kutengeneza filamu ya gwiji wa muziki bila kupoteza nyimbo wala ukweli

Watu wengi wakitaka kutengeneza filamu ya maisha ya gwiji wa muziki wanaanza na mwigizaji anayefanana naye, wanamvalisha miwani na koti, wanapiga picha, watu wanashangilia mtandaoni, afu baada ya mwaka mzima wanagundua hawana hata wimbo mmoja wa kumwimbisha. Hizi filamu nimezitazama nyingi sana, zingine mara nne tano, na niliwahi kufanya kazi kwenye filamu fupi ya mwanamuziki mmoja marehemu, na kiukweli ninavyoona mimi ugumu karibu wote unatoka sehemu moja: mwenye nyimbo ndo huyo huyo mwenye sababu ya kuficha ukweli. Yaani familia, bendi, kampuni ya rekodi. Ukigombana nao huna muziki, ukiwakubalia kila kitu unabaki na tangazo la saa mbili. Kwa hiyo hatua hizi nimezipanga kwa kuangalia hiyo vuta nikuvute, ndo maana mwigizaji anakuja mbali huko chini.

1. Jua unasimulia nini, na miaka ipi

Maisha ya mtu ya miaka sitini hayaingii kwenye saa mbili. Ukilazimisha unapata ile filamu ya mbio, kazaliwa, kaokota gitaa, kagunduliwa, kapendwa, kalewa, kaanguka, kainuka, kafa, kila tukio limepewa dakika tatu na hakuna hata moja linalokugusa kwa sababu hukukaa nalo. Isitoshe mtazamaji mwisho anaujua, hata nyimbo anazijua kwa moyo. Asichokijua ni nini kilikuwa kinamsumbua huyo mtu jumanne moja ya kawaida kabla wimbo haujawa maarufu.

Angalia A Complete Unknown ya 2024, inamchukua mwanamuziki Bob Dylan kuanzia 1961 anapoingia New York hadi 1965 anapopanda jukwaa la Newport, tamasha la muziki wa folk, na gitaa la umeme, basi, imeishia hapo. Bob Marley: One Love ya mwaka huo huo imekaa zaidi kati ya 1976 na 1978, anashambuliwa kwa risasi nyumbani kwake Kingston mwezi wa kumi na mbili, siku mbili baadaye anapanda jukwaani hivyo hivyo, anaondoka kwenda London, anarekodi albamu ya Exodus, anarudi Jamaika kwa tamasha la amani la Aprili 1978. Ni muda mfupi, na bado ukitazama unahisi wamesongamanisha. Love & Mercy ya 2014 ilikwenda njia nyingine, Brian Wilson wa bendi ya Beach Boys kapewa waigizaji wawili, Paul Dano wa miaka ya sitini na John Cusack wa miaka ya themanini, na filamu inaruka kutoka huku kwenda kule bila kukueleza yaliyopita katikati. Kwa mtu ambaye maisha yake yalikatika vipande viwili mimi sijaona njia nzuri kuliko hiyo.

Cha kufanya: chukua karatasi, andika swali moja ambalo gwiji mwenyewe wakati ule alikuwa hajui jibu lake. Sio "alifikaje kileleni", hilo lina jibu tayari. Ni kama "anaweza kuwaacha waliomlea kimuziki bila kuwasaliti?" au "anaweza kurudi kuimbia watu ambao kati yao wamo waliotaka kumuua?" Afu pitisha kila tukio unalolipenda kwenye hilo swali, lisilolisukuma litoe. Itauma. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Zanzibar 1946, akasoma shule ya bweni India, familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya mapinduzi, na filamu ya Bohemian Rhapsody ya 2018 inaanza kumfuata 1970 akiwa tayari kijana wa London, utoto wote ule umebaki maneno machache tu. Mimi ningeipenda sana hiyo filamu ya mtoto wa Zanzibar, lakini ile ni filamu nyingine, ukiibandika kwenye hii ya bendi zinakufa zote mbili.

2. Nyimbo kabla ya skripti

Kila wimbo una kufuli mbili. Ya kwanza ni utunzi, maneno na melodi, hii iko kwa watunzi au kampuni inayosimamia tungo zao. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile masta, hii mara nyingi iko kwa kampuni ya rekodi. Ukitaka sauti halisi ya gwiji isikike kwenye filamu unahitaji ufunguo wa zote mbili, ukitaka mwigizaji aimbe upya na bendi yako unahitaji ule wa utunzi tu maana rekodi unatengeneza mwenyewe. Watu wanajisahau hapa. Wimbo ukiwa na watunzi wanne inabidi ujue sehemu ya kila mmoja iko wapi, na kama mmoja kafariki unatafuta warithi wake. Na kuna magwiji ambao nyimbo zilizowapa jina hawakuzitunga wao, Elvis Presley ni mfano mkubwa, kwa hiyo hata familia nzima ikikubali bado hujamaliza, watunzi wako sehemu nyingine kabisa.

Ukikosa nyimbo inakuwaje? Waliotengeneza Jimi: All Is by My Side hawakupewa nyimbo za mpiga gitaa Jimi Hendrix na wasimamizi wa mirathi yake, wakaamua kukaa 1966 na 1967 tu, kabla hajawa yule tunayemjua, anapiga nyimbo za watu wengine ambazo kweli alikuwa anazipiga. Stardust ya 2020 ilijaribu kitu kama hicho kwa mwimbaji David Bowie, safari yake ya Marekani ya 1971, hakuna hata wimbo wake mmoja ndani. Ile ya Hendrix angalau muda waliouchagua unaendana na ukosefu wa nyimbo, mtu bado anajitafuta. Ile ya Bowie unakaa muda wote unasubiri wimbo ambao hautakuja, na ukishaanza kusubiri husikii tena kinachosemwa.

Kwa hiyo: orodhesha nyimbo ambazo bila hizo hakuna filamu. Zisizidi kumi. Tafuta mwenye kila kufuli, andika barua, omba makubaliano ya maandishi ya kushikiliwa haki hizo kwa muda wakati unatafuta pesa. Ukikataliwa unabadilisha kipindi cha hadithi, na kubadilisha kukiwa bado kwenye karatasi hakugharimu kitu. Na tafadhali usitunge nyimbo za kuigiza za kwake ukidhani watu hawatajua, mashabiki wanasikia ndani ya sekunde tano.

3. Familia wasikilizwe, mkasi ubaki kwako

Kwenye mkataba kuna maneno mawili ya kuyachunga kama macho yako, kushauriwa na kuidhinisha. Kushauriwa wape kwa moyo mweupe, wasome skripti, waje lokesheni, waseme. Kuidhinisha filamu ya mwisho usiwape, kwa sababu siku utakayoonyesha baba yao kampiga mama yao hiyo sini itaondoka na utalazimika kuziba pengo kwa wimbo. Kama hawatoi nyimbo bila kuidhinisha, basi wewe ndo wa kuamua kama bado unaitaka hiyo kazi, mimi nadhani kuna filamu ni bora zisitengenezwe kwa sasa.

Lakini pia sio kila aliye karibu anataka kusafishwa. Elton John alikuwa mmoja wa watayarishaji wakuu wa Rocketman ya 2019, filamu ya maisha yake mwenyewe, na filamu imeonyesha dawa za kulevya, pombe, hasira, kujichukia, hadharani kabisa. Kwenye Bohemian Rhapsody wenzake Freddie waliobaki, Brian May na Roger Taylor, walishiriki pia kwenye kazi, na ukiangalia jinsi wanabendi walivyoandikwa ni watu wenye busara kila saa, wanakwenda nyumbani mapema kwa wake zao, kosa lote liko kwa mtu mmoja ambaye hayupo kujieleza. Mambo kama haya ndo ya kuyachunguza kwenye skripti yako: nani kafariki, na je, lawama zote zimemwangukia yeye?

Jambo jingine, magwiji wengi wanaacha nyumba zaidi ya moja. Usichukue saini ya upande mmoja ukaona umemaliza. Kwenye ile filamu fupi yetu pande mbili zote ziliapa kwamba wimbo fulani wa mapenzi uliandikwa kwa ajili yao, kila upande una ushahidi wake, kaseti na barua. Tulikaa na hilo wiki tatu. Mwisho tukapiga sini yuko peke yake na mpiga besi wake, mpiga besi anamuuliza "huu wa nani?" naye anaendelea kukaza waya wa gitaa bila kuinua kichwa. Pande zote zilikubali, na nadhani ndo ilikuwa karibu zaidi na ukweli.

4. Utafiti, na jedwali la tarehe

Tengeneza jedwali: tarehe za shoo, za kurekodi, watoto kuzaliwa, hospitali, ugomvi, nani alikuwa mji gani. Kazi inachosha ila utashukuru. Kisha hoji watu watatu kuhusu tukio moja, kila mtu peke yake. Usiulize "alikuwa mtu wa aina gani", utajibiwa "alikuwa mtu wa watu, mcheshi, hana makuu", marehemu wote wanasemwa hivyo. Uliza vitu vidogo vidogo. Alikuwa anasimama upande gani wa jukwaa? Nani alikuwa anahesabu kuanza wimbo? Mpiga ngoma akikosea, alikuwa anageuka kumwangalia au anamsema baadaye? Sisi mpiga ngoma mmoja mzee alituambia kwamba marehemu alikuwa anawapa watazamaji mgongo kila anapotyuni gitaa, hakutaka mtu aone uso wake wakati huo. Hakuna gazeti lililoandika hilo na lilitupa mhusika mzima.

Sasa utafika mahali tarehe zinakusumbua na unataka kuzisogeza. Kusogeza kunaruhusiwa, filamu sio hati ya mahakama, shoo tatu unaweza kuzifanya moja. Ila mimi nina mpaka mmoja ambao siuvuki: usisogeze tarehe ikabadilisha nani ana kosa au nani alijua nini. Kwenye Bohemian Rhapsody Freddie anawaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake wa UKIMWI kabla ya Live Aid, lile tamasha kubwa la hisani la Julai 1985, wakati kwa taarifa zilizozoeleka aliujua karibu 1987. Pia bendi inaonyeshwa kama ilivunjika kwa sababu kaenda kufanya albamu yake peke yake, kumbe Roger Taylor alishatoa ya kwake tangu 1981 na Queen walikuwa kwenye ziara mpaka Mei 1985, miezi miwili tu kabla ya Live Aid. Hapo tarehe haijasogezwa kurahisisha mambo, imemfanya mtu mmoja msaliti na ugonjwa wake ukawa kama malipo. Mimi naona sio haki, hata kama sini yenyewe inaliza, na mimi mwenyewe ilinitoa machozi.

5. Skripti: onyesha kazi, sio muujiza

Sini mbaya kuliko zote kwenye filamu hizi ni ile mtu anatamka maneno kwa bahati, gwiji macho yanamng'aa, anakamata gitaa, kata, uwanja mzima unaimba. Wimbo haujatengenezwa hivyo hata siku moja. Chukua Bohemian Rhapsody, wimbo wenyewe wa 1975 sasa, kuurekodi kulichukua kama wiki tatu, kwenye tepu ya treki 24, yaani nafasi 24 za kurekodi sauti moja moja, sauti zilikuwa za watu watatu tu, Freddie, Brian May na Roger Taylor, wanaimba saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, safu juu ya safu. Hebu fikiria hiyo kama sini: watu watatu wamezunguka maikrofoni moja, koo limekauka, wanarudia neno moja mara ya arobaini mpaka halina maana tena, mmoja kakasirika, mmoja anacheka kwa uchovu, na yule aliyeko kwenye chumba cha mitambo anarudisha tepu nyuma bila kusema kitu. Hapo mtazamaji anaelewa kwa nini ule wimbo uko vile kuliko hotuba yoyote ya kipaji.

Vingine vya kukwepa: gwiji mzee amesimama gizani nyuma ya jukwaa anakumbuka maisha yake yote. Meneja mnene mwenye sigara anayeiba. Magazeti yanayozunguka zunguka. Mke kwenye simu analalamika "unarudi lini", hiyo ndo inaniudhi zaidi maana huyo mwanamke alikuwa na maisha yake. Walk the Line ya 2005, filamu ya mwimbaji Johnny Cash, imesimama kwa sababu June Carter, mwimbaji aliyekuja kuwa mke wake, ana kazi yake, ana ndoa zake zilizovunjika, ana aibu zake, anaweza kukataa, na Reese Witherspoon alichukua Oscar kwa hiyo nafasi. Mpe mke, mama, mpiga ngoma, kila mmoja sini moja ambayo gwiji hayumo.

6. Mwigizaji

Kuna njia tatu za sauti na zote zimewahi kufanya kazi. Aimbe mwenyewe, kama Sissy Spacek alipomwigiza mwimbaji wa country Loretta Lynn 1980, au Joaquin Phoenix na Witherspoon kwenye Walk the Line. Afuatishe mdomo juu ya rekodi halisi, Jamie Foxx kwenye Ray ya 2004, sauti ni ya Ray Charles karibu kote lakini piano anaipiga mwenyewe maana alijifunza tangu mtoto, tena kope zimefunikwa kwa vibandiko haoni kitu. Au uchanganye, kwa Freddie walitumia sauti yake halisi, ya Rami Malek mwenyewe aliyemwigiza na ya mwimbaji anayeitwa Marc Martel anayefanana naye sauti kupita kiasi. Ushauri wangu, kama sauti ya gwiji haina mfano tumia rekodi, kama nguvu yake ilikuwa kwenye maneno na namna ya kuyasema muache mwigizaji aimbe, watu watamsamehe sauti.

Muda mpe wa kutosha. Timothée Chalamet, aliyemwigiza Dylan kwenye A Complete Unknown, alikuwa na karibu miaka mitano ya kujifunza gitaa na nyimbo za Dylan kwa sababu utengenezaji ulicheleweshwa, na inaonekana kwenye vidole vyake. Huna miaka mitano, sawa, mpe angalau miezi sita, na mwalimu wa mwili pia sio wa sauti tu.

Kuhusu kufanana sura, usihangaike sana ila kuna sehemu ya kuwa makini. Filamu ya mwimbaji Nina Simone ya 2016 ilimtia Zoe Saldana weusi wa kupaka na pua ya bandia, kumwigiza mwanamke ambaye aliishi na kuimba akiitetea sura ile ile na ngozi ile ile. Familia iliumia, mashabiki waliumia, na Saldana mwenyewe aliomba radhi hadharani 2020. Kama sura ya gwiji ilikuwa sehemu ya vita yake, tafuta mwigizaji aliyezaliwa nayo.

7. Jukwaani

Kamera ikae kwenye mikono. Mtazamaji aliyewahi kushika gitaa hata mara moja anajua kodi ya gitaa (chord) ikikosewa, na ukikata kwenda usoni kila mkono unapohitajika kuonekana anajua unaficha. Kama mwigizaji hajaweza piga pembeni, mgongoni, kwa mbali, lakini vidole visidanganye.

Piga shoo kubwa mapema kama mwigizaji yuko tayari. Kwenye Bohemian Rhapsody ile ya Live Aid ndo ilipigwa mwanzo kabisa, wamejenga jukwaa upya mpaka vikombe juu ya piano viko pale pale vilipokuwa, na baada ya hapo Malek alikuwa hana cha kuogopa tena. Umati nao waimbe kweli, usiwaambie wafungue midomo tu, pumzi zinaonekana. Wimbo mmoja kwenye filamu nzima uuache mpaka mwisho bila kukata, mmoja tu, mingine vipande vinatosha.

Kwenye miksi, yaani unapochanganya sauti, wape watu sauti ya ukumbi ule. Rekodi safi ya studio ikitoka kwenye kinywa cha mtu aliyeko baa ya watu ishirini masikio yanakataa hapo hapo.

8. Mwisho

Sio lazima afe. Ishia pale swali lako la hatua ya kwanza lilipojibiwa au lilipokataa kujibika. Yale maandishi ya mwisho, aliuza nakala milioni kadhaa, alipewa tuzo hizi na hizi, mimi ningeyaacha, kila mtu anaweza kuyatafuta kwenye simu. Na picha halisi za gwiji ukiziweka mwishoni fikiri mara mbili, dakika mbili za mtu mwenyewe zinaweza kufuta saa mbili za mwigizaji wako.

Kabla hujafunga edit, waite waliopiga naye. Sio familia, hao wana siku yao. Waite wapiga vyombo, wakae peke yao, usiwaulize kama wameipenda. Sisi yule mpiga ngoma mzee alitazama kimya mpaka kwenye ile sini ya mgongo, gitaa linatyuniwa, afu wimbo unaanza, akainua mkono tusimamishe. Akasema mnaanza mapema, mimi nilikuwa nahesabu mpaka nne, yeye alikuwa hageuki mpaka asikie nne. Kesho yake asubuhi tulirudi kwa edita tukaongeza zile hesabu mbili zilizokuwa zimekatwa.